Koki ya bafuni inapiga shoti, fundi amechomoa waya wa ethi. Tufanyeje?

MamaKgb

Wakuu habari zenu. Naomba mafundi umeme wa humu wanisaidie, jambo hili linaninyima usingizi.

Nyumba iko Kigamboni, vyumba vitatu, LUKU ya fezi moja. Bafuni kuna shawa ya umeme, ile inayochemsha maji papo hapo, imeandikwa 5500W 220V. Maji ni ya kisima, yana chumvi kiasi, yanashuka kutoka tangi la plastiki juu ya mnara. Mabomba ya zamani ya chuma yalitolewa, sasa ni ya plastiki (PPR) nyumba nzima.

Shawa ilipofungwa, breka kubwa kwenye DB (sanduku la breka) ikawa inaruka kila maji yakianza kupata moto. Fundi akasema kinachosumbua ni waya wa ethi, ule wa kijani unaokwenda ardhini, akauchomoa kwenye shawa na kuuzungushia tepu. Kweli haijaruka tena. Lakini sasa ukishika koki mkono ukiwa umelowa unasikia ganzi inayopanda hadi kwenye kiwiko, na tesita ikigusishwa kwenye koki inawaka. Watoto wana miaka 4 na 7.

Je, ganzi hiyo ni hatari au ni kero tu? Breka kubwa ilikuwa mbovu au ilikuwa sahihi? Na nikimwita fundi mwingine nimwambie afanye nini hasa, asije naye akachomoa kitu kingine?

---

FundiSakiti

Dada, kabla hujasoma mengine nenda kazime mein swichi, ushushe breka ya shawa kwenye DB, ndipo uwashe tena nyumba. Swichi ya ukutani ya bafuni usiiamini. Nyingi zinakata waya mmoja tu, na mara nyingine waya unaokatwa ni nyutro, ule wa kurudishia umeme, si laivu inayouleta. Hapo kitaa cha swichi kinazimika, maji yanatoka baridi, lakini koili, ule waya unaochemsha maji ndani ya shawa, bado ina volti 230. Mpaka kazi iishe kila mtu aoge maji ya ndoo yaliyochemshwa jikoni.

Ukishashusha breka hiyo, gusisha tesita kwenye koki tena. Ikiendelea kuwaka, umeme hautoki kwenye shawa. Unatoka kwenye kifaa kingine, na hapo zima nyumba nzima hadi fundi afike.

Sasa sababu. Kwenye shawa nyingi za aina hii koili iko wazi, maji yanapita juu ya waya wenye umeme. Kwa hiyo kila ukioga kuna umeme kidogo unaoingia majini, ndivyo zilivyoundwa. Waya wa kijani umeungwa na kipande cha chuma kinachogusa maji ndani ya shawa, kazi yake ni kuupokea umeme huo na kuupeleka ardhini kabla haujamfikia mwogaji. Ukichomolewa, njia inayobaki ni maji, koki, na mtu aliyesimama pekupeku kwenye sakafu iliyolowa. Mabomba yenu ya chuma yaliyofukiwa yalikuwa yanapitisha sehemu ya umeme kama huo ardhini bila mtu kujua. PPR haipitishi, ndiyo maana koki imebaki na umeme wake.

Breka kubwa: itazame usoni. Kama ina kitufe kilichoandikwa T na maandishi IΔn 0,03A, hiyo ni RCD ya miliampea 30. Inalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika mahali fulani kati ya miliampea 15 na 30, inakata. Haikuwa mbovu, ilikuwa inakwambia umeme unavuja. Imenyamaza sasa kwa sababu umeme uliokuwa unavuja hauna pa kupita. Siku ukipata pa kupita, patakuwa ni mwili wa mtu.

Na ganzi ya mpaka kiwiko si kero. Mkono mkavu unapinga umeme sana, uliolowa unapinga kidogo tu. Koki ileile inayokutekenya wewe ukiwa na kandambili inaweza kumkamata mtoto aliyesimama kwenye dimbwi la sabuni, vidole vikajikunja asiweze kuachia.

---

Kijana_wa_Saiti

Mbona rahisi tu. Hapohapo kwenye shawa unga ethi na nyutro pamoja, ganzi inaisha na RCD haitoruka. Wengi wanafanya hivyo.

---

FundiSakiti

Kijana, hilo liondoe kabisa, kuna mtu anaweza kulisoma akalifanya leo. Ganzi itaisha, ni kweli, mpaka siku nyutro ilegee popote kati ya shawa na nguzo. Siku hiyo umeme unapita kwenye koili, unakosa njia ya kurudi, na kwa kuwa umeunga nyutro na chuma, koki inapata volti 230 kamili. Na nyutro hulegea: skrubu ya DB isiyokazwa vizuri inatosha, hasa kwenye laini inayobeba ampea 25.

Tena si kweli kwamba RCD haitoruka. Ethi ikiwa imefika kwenye fimbo yake iliyochomekwa ardhini, sehemu ya umeme itarudi kwa njia ya ardhi, RCD itaona tofauti na kukata. Hapo ndipo fundi wa aina hiyo anaipita RCD kwa kipande cha waya, na nyumba inabaki bila kinga hata moja.

---

Nyali_Volti

Naongezea kuhusu maji, maana huku Mombasa tunalo tatizo hilohilo. Chumvi ndiyo inayobeba umeme. Maji yakiwa na chumvi, shawa yenye koili wazi huvujisha zaidi, na RCD itaruka hata shawa ikiwa mpya na ethi ikiwa nzuri. Kwa hiyo Mama, usije ukarudishiwa waya wa ethi, RCD ikaruka, ukaambiwa tena RCD ni mbovu. Kwa maji ya kisima chako kifaa chenyewe ndicho kisichofaa.

Kuna shawa ambazo koili yake imefunikwa, haigusi maji. Madukani ulizia ya maji ya chumvi, na usiridhike na neno la muuzaji: boksi liwe limeandikwa hivyo. Zinagharimu zaidi na ndizo za kununua pwani. Njia nyingine ni hita ya tangi, ya lita 30 au 50, ambayo koili yake iko ndani ya bomba la chuma lililozibwa. Nayo lazima iwe na ethi, kwa sababu chumvi hutoboa ganda la koili taratibu, na ukaguzi wa fimbo ya magnesi iliyo ndani ya tangi usiupitishe mwaka. Fimbo hiyo ndiyo inayoliwa na kutu badala ya tangi. Ikiisha, linaloliwa ni tangi.

Upande wa waya: wati 5500 ukigawa kwa volti 220 zilizoandikwa kwenye shawa ni ampea 25. Hiyo inataka waya wa shaba wa mm² 6 kutoka DB moja kwa moja, bila kuchepusha kwenye soketi wala taa, breka ya 32, na swichi ya ampea 45 inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, ifungwe nje ya mlango wa bafu. Umbali mfupi wengine huweka mm² 4; mimi kwa joto la pwani na waya ukiwa ndani ya paipu siiwekei chini ya 6. Kiungo cha kwenye shawa kiwe na konekta ya kauri. Ya plastiki huyeyuka, na waya ulio nusu wazi juu ya kichwa cha mtu anayeoga haufai hata siku moja.

---

Ohm_Dodoma

Wenzangu wamegusa kila kitu isipokuwa fimbo ya ethi, na kwangu mimi ndipo nyumba nyingi zinapoangukia.

Fanya hesabu hii. Chukua fimbo inayosoma ohm 20 (ohm ni kipimo cha jinsi inavyopinga umeme), ambayo ni nzuri kwa nyumba ya kawaida. Laivu ikigusa chuma cha friji, umeme unaokwenda ardhini ni 230 gawa kwa 20, yaani ampea 11.5. Breka ya 32 haitaruka. Ya 16 nayo haitaruka. Friji itakaa na umeme mwilini hadi mtu aishike. Breka ndogo zipo kulinda waya usiungue, mtu analindwa na RCD ikisaidiwa na ethi. Ukiwa na RCD ya miliampea 30, hata fimbo ya ohm 100 inapitisha ampea 2.3, na hiyo ni mara 70 na zaidi ya inachohitaji ili ikate.

Mama, fundi akija mwambie akupimie fimbo kwa kifaa cha kupimia ethi, chenye vijiti viwili vya kuchomeka ardhini, na akuandikie namba. Kuna mchezo wa kufunga balbu kati ya laivu na ethi, ikiwaka wanasema ethi ipo. Usiruhusu ufanyike. Fimbo ikiwa mbovu, sekunde hizo balbu inazofungwa kila chuma chenye waya wa kijani ndani ya nyumba kinapata umeme, na fundi yuko kwenye DB, hajui nani ameshika friji.

Fimbo yenyewe: chuma kilichovikwa shaba, mm 16, urefu mita 1.2 au 1.5. Nondo ya ujenzi si fimbo ya ethi, inaliwa na kutu, na kutu ikishazunguka haigusani vizuri na udongo. Klempu iwe ya shaba, na juu yake pawe na kishimo chenye mfuniko, si kufukiwa chini ya pevingi, maana kinachokatika mara nyingi ni pale klempu inaposhika waya. Mchanga wa pwani ukikauka kiangazi fimbo iliyosoma vizuri masika inaweza kupanda mara mbili. Dawa si kumwaga chumvi shimoni. Chumvi inasafishwa na mvua, na kabla haijaisha imeshaanza kuila fimbo na klempu. Unga fimbo ya pili juu ya ya kwanza ili zifike udongo wenye unyevu, au piga ya pili umbali wa mita 3 na uziunge.

Neno moja kuhusu tesita: inawaka kwa umeme mdogo mno na haisemi ni kiasi gani. Pia ukiwa umesimama juu ya stuli kavu inaweza isiwake ilhali umeme upo. Mita ya digitali nayo inaweza kuonyesha volti 60 za bure kwenye waya uliolala karibu na laivu. Fundi anayejua anapima koki kwa kulinganisha na chuma alichochomeka kwenye udongo wenye maji nje ya dirisha, kwa kifaa chenye mzigo ndani yake, kisichodanganywa na volti hizo za bure, na ikizidi volti 25 mahali penye maji kama bafuni hamruhusu mtu kuingia.

---

MamaKgb

Asanteni sana wote, Mungu awabariki. Shawa imezimwa tangu jibu la kwanza. Fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji) amekuja na vifaa, ameandika hivi:

Fimbo mita 1.2, ohm 180. Waya wa ethi unaotoka nje ni mm² 1.5, umezungushwa kwenye fimbo bila klempu. Waya wa shawa mm² 2.5, breka yake 32. Swichi ya bafuni inakata waya mmoja. RCD ipo, 63A, 0,03A, kitufe kinafanya kazi. Koki ilisoma volti 96 shawa ikiwaka.

Amesema pia friji haina ethi, kwa kuwa plagi yake ni ya duara ya pini mbili. Tunaiingiza kwenye soketi kwa kusukuma tundu la juu na kalamu. Hilo nalo ni tatizo? Na waya anaotaka kununua nitajuaje kama si feki?

---

FundiSakiti

Volti 96 kwenye koki ya bafu. Umefanya vema kuzima, dada.

Tuanze na waya wa mm² 2.5 kwenye breka ya 32. Ndani ya paipu la ukutani waya huo unabeba ampea 20 hadi 24 hivi, kutegemea joto na wenzake waliomo. Shawa inavuta 25 muda wote wa kuoga, na breka haijali mpaka ipite 32 kwa muda. Kwa hiyo plastiki ya waya inapikwa kila siku na breka inatazama tu. Ikipasuka, laivu inagusana na mwenzake ndani ya ukuta. Huo waya utolewe wote, usiungiwe njiani.

Waya feki: omba kukata kipande cha sentimita 5. Mm² 6 halisi huwa na nyuzi 7, kila uzi unene wa mm 1.04. Mm² 4 ni nyuzi 7 za mm 0.85, na 2.5 ni nyuzi 7 za mm 0.67. Ukiwa na kipimo cha kubana, duka zima huwezi kudanganywa. Kisha ukwangue uzi mmoja kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo inabeba umeme kidogo zaidi na inalegea kwenye skrubu hata ukiikaza. Sumaku ikivuta, ni chuma. Kataa vyote viwili.

Kwenye shawa nampendekezea fundi wako breka moja yenye kazi zote mbili, ya breka na ya RCD, ampea 32 na miliampea 30, iwe ya shawa peke yake. Isipitie ile RCD kubwa, hapo ikiruka friji na taa zinabaki. Na aangalie nyutro ya shawa isije ikarudi kwenye baa ya nyutro (kipande cha chuma cha kuungia nyaya) ya sakiti nyingine, maana hapo itaruka bila kosa, na watu wataanza tena kuchomoa vitu.

---

SoketiSalama

Mimi nijibu la friji na kalamu, kwa sababu lina watoto ndani yake.

Tundu la juu la soketi zetu ni la ethi, na pini yake ni ndefu kuliko nyingine kwa makusudi: inaingia kwanza na kufungua vifuniko vidogo vinavyoziba laivu na nyutro. Vifuniko hivyo vimewekwa kwa ajili ya vidole na misumari ya watoto. Kila unaposukuma kalamu mbele ya mtoto wa miaka 4 unamfundisha jinsi ya kuvifungua, na yeye hatachagua kalamu ya plastiki, anaweza kuchukua kijiko.

La pili ni kwamba plagi ya duara ina ethi, ila ethi yake iko pembeni, ni vile vipande viwili vya chuma kwenye kingo. Ikiingizwa kwenye soketi ya pini tatu vipande hivyo havigusi kitu. Friji imeundwa iwe na ethi na inafanya kazi bila ethi, kwa hiyo hakuna dalili yoyote mpaka kompresa ianze kuvujisha. Pini zake pia ni nyembamba kwa soketi yetu, hazikazi, zinapata joto, na soketi inaanza kuwa kahawia.

Tiba ni ndogo. Kata plagi hiyo, funga plagi ya pini tatu yenye fyuzi. Kahawia ni laivu, inaenda kwenye fyuzi, kulia ukiwa umeifungua na pini ya ethi iko juu. Bluu ni nyutro, kushoto. Kijani na njano ni ethi, juu, na iachwe ndefu kidogo ili waya ukivutwa iwe ya mwisho kuchomoka. Kaza kibanio cha ganda la nje, si nyaya za ndani. Fyuzi iwe ya 13 kwa friji, kwa sababu kompresa huvuta sana inapoanza. Vitu vya chini ya wati 700, kama taa ya mezani au feni, weka ya 3. Karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi kisiwepo nyumbani kwako.

Ekstensheni nazitaja kwa kifupi: yenye fyuzi ya 13 mwisho wake ni kama wati 2990. Birika la 2200 na pasi ya 1200 kwa pamoja tayari zimepita. Na kama inakunjwa kwenye gurudumu, ikunjue yote kabla ya mzigo mzito, ikikaa imekunjwa inapika waya wake.

---

Ohm_Dodoma

Fimbo ya ohm 180 tuiseme vizuri, isieleweke vibaya. Kwa RCD inatosha kukata, maana 230 gawa kwa 180 ni ampea 1.28. Lakini namba kubwa hivyo haitulii, kiangazi itapita 200, na klempu hakuna. Afunge fimbo ya pili mita 3 kutoka ya kwanza, waya wa mm² 16 wa kijani na njano kutoka fimbo hadi DB, klempu ya shaba kila fimbo, kishimo chenye mfuniko. Ohm zitashuka hadi karibu nusu.

Kabla ya kuwasha, fundi apime waya wa ethi kutoka baa ya DB hadi kwenye shawa. Mm² 6 wenye urefu wa mita 15 husoma karibu ohm 0.05. Mita ikisema ohm 2 kuna kiungo kimelegea, akitafute. Kisha apime uzima wa plastiki ya nyaya kwa volti 500, shawa ikiwa imechomolewa, isiwe chini ya megaohm 1. Mwisho apime RCD kwa kifaa chake: kwa miliampea 30 ikate ndani ya milisekunde 300, kwa 150 ndani ya 40. Kitufe cha T kinapima mashine ya ndani tu, hakipimi ethi yako. Kitufe na kifaa, vyote viwili vinahitajika.

---

Nesi_Zamu

Naomba kuongeza la watu, vifaa mmeshavimaliza. Mtu akikamatwa bafuni usimshike na usikanyage maji. Kimbilia mein swichi. Kwa hiyo kila mkubwa nyumbani, na dada wa kazi pia, ajue ilipo na aifikie bila kiti, na pasiwe na kabati mbele yake. Kama haifikiki, msukume aachane na koki kwa fimbo kavu ya ufagio wa mti au plastiki, wewe ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu.

Umeme ukishakatwa, kama haitiki na hapumui kawaida, mlaze chali mahali pagumu, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, halafu mpulizie mara 2, endelea hivyo hadi msaada ufike. Kwa mtoto kandamiza kama theluthi ya unene wa kifua, sentimita 5 hivi. Aliyezinduka na kusema yuko salama naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo akapimwe moyo. Umeme huweza kuvuruga mapigo, na kidonda kidogo cha kuungua kwenye ngozi kinaweza kuficha kikubwa ndani.

---

MamaKgb

Nimemwonyesha fundi majibu yote, amekubali kila moja. Fimbo ya pili imepigwa, sasa ni ohm 95. Waya wa mm² 6 tumeukwangua, ni mwekundu hadi ndani. Shawa ya zamani tumeitoa, tumeagiza yenye koili iliyofunikwa. Plagi ya friji imebadilishwa. Je, kile kitufe cha T nikibonyeze kila baada ya muda gani?

---

FundiSakiti

Mara moja kwa mwezi, dada, na usiku uliopigwa radi nyingi kibonyeze asubuhi yake. Waambie watoto kwamba umeme utakatika kidogo, bonyeza, breka iruke palepale, uirudishe. Ikichelewa au ikagoma, shawa isitumike hadi ibadilishwe.